Foto ya marehemu haistahili kuwa ukungu

Matanga yanapoingia katika nyumba, jamaa inatafuta haraka foto ya marehemu. Kijana mmoja anaiomba katika grupu ya WhatsApp, anaipeleka studio, na kesho yake bango la metre moja linatundikwa kwenye kiwanja. Hapo ndipo watu wanaona kwamba macho ni ukungu na mashavu yamekuwa miraba midogo-midogo. Wazee wanasema foto za filimu zilikuwa bora.

Wazee hawakosei kabisa, lakini kosa si la simu. Negatifu ya zamani ilikuwa kipande kidogo cha milimita 24 kwa 36. Ukiikuza sana, punje zinaonekana, lakini sura inabakia sura. Simu yenye megapikseli 12 inatoa nukta 4000 kwa 3000. Kwa kuwa karatasi nzuri inaomba nukta karibu 120 kwa kila sentimita, foto hiyo inatosha kwa fremu ya sentimita 33 kwa 25. Hata bango, ambalo watu wanalitazama wakiwa mbali, linaweza kutoka vizuri.

Shida inaanza njiani. WhatsApp inapunguza foto mbele ya kuituma, ili isimalize mega. Mara nyingi upande mrefu unabakia na nukta 1600 hivi. Zitandaze kwenye metre moja: kila sentimita inapata 16 tu. Programu za «kusafisha» hazirudishi kilichopotea. Zinabuni sura nyingine, na mama anayelia hamtambui mtoto wake.

Zamani negatifu ilikaa ndani ya bahasha, studio ikachapa tena. Leo foto ya asili iko katika simu moja, na simu inaibiwa ao inaanguka wakati wa kukimbia vita. Karatasi nayo haina ulinzi: Nyiragongo ilipolipuka mwaka 2002, nyumba zilizoungua Goma ziliungua pamoja na albamu zao.

Kwa hiyo inafaa foto ya asili ikae mahali pawili, itumwe kama dokima, si kama foto ya kawaida, na chache zichapwe mapema, wazazi wakiwa bado hai. Studio nazo zina deni: kumwambia mteja ukweli mbele ya kupokea franga zake. Mtu anazikwa mara moja. Sura yake inaomba heshima hiyo.