Komfri ni nzuri, lakini alizeti pori iko hapo barabarani

Miezi hii nimeulizwa swali moja mara nyingi kuliko swali la mbegu: "Bwana shamba, ile komfri tunaipata wapi?" Watu wameona video kwenye simu. Mtu anakata majani makubwa yenye vinyweleo, anayatandaza kwenye bustani, mengine anayaloweka kwenye pipa, na mboga zake zinapendeza. Halafu kuna wanaopita wakiuza vipande vya mizizi yake kwa bei inayofanana na ya dawa.

Leo natoa msimamo wangu, anayeupinga anipinge kwa hoja. Kwa mkulima wa Kanazi mwenye migomba, maharage na kabustani ka mboga, hakuna haja ya kutoa hela kununua komfri. Mmea wa kufanya kazi hiyo unao tayari, na kila siku unaupita ukienda sokoni.

Komfri ni nini hasa

Komfri si uongo. Ni mmea wa kudumu, una mizizi mirefu, ukikatwa unachipua tena, na majani yake yana potashi nyingi na huoza haraka. Sifa zake kwa watu wa bustani zilienezwa sana na Mwingereza Lawrence Hills, aliyefanya majaribio yake Bocking huko Essex miaka ya 1950. Aina maarufu ya Bocking 14 ndiyo yake, na hiyo haisambai kwa mbegu. Lakini kila kipande cha mzizi kinachobaki ardhini huota, kwa hiyo ukiipanda mahali, jua umeipanda moja kwa moja.

Kingine, wauzaji wengine wanasema majani yake ni dawa ya kunywa. Hapo nasema hapana. Komfri ina sumu inayoharibu ini, na mwaka 2001 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilizitaka kampuni ziiondoe kwenye virutubisho vya kumeza. Kama unayo, iishie shambani. Usinywe, na watoto wasipewe.

Sasa alizeti pori

Ule mmea wa maua ya njano uliojaa kando ya barabara na kwenye mipaka ya mashamba, ambao wengine mnaufyeka na kuuchoma moto, ndio alizeti pori. Wataalamu huuita tithonia. Asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati, lakini umeshakuwa mwenyeji wa huku kwetu.

Miaka ya 1990 watafiti wa magharibi mwa Kenya, eneo la Maseno, waliupima vizuri. Majani yakikaushwa yana naitrojeni kama asilimia 3.5, fosforasi asilimia 0.37 na potashi asilimia 4.1. Hayo ni majani tajiri, na wewe hulipii hata senti.

Lakini jamani, tusidanganyane. Tupige hesabu.

Kilo 100 za majani mabichi zikikauka hubaki kama kilo 20, maana sehemu kubwa ni maji. Ndani yake una naitrojeni kama gramu 700, potashi kama gramu 800 na fosforasi gramu 70 na kidogo. Mfuko mmoja wa urea wa kilo 50 una naitrojeni kilo 23. Kuufikia mfuko huo kwa majani unahitaji tani 3 na kilo 300. Kama mzigo mmoja wa kichwani ni kilo 25, hiyo ni mizigo zaidi ya 130. Na kufikia fosforasi ya mfuko mmoja wa DAP, unahitaji zaidi ya tani 13.

Kwa hiyo mtu akikwambia majani yatafuta mbolea ya dukani kwenye ekari ya mahindi, muulize nani atayabeba. Jibu tunalijua. Atayabeba mama, na mtoto akitoka shule. Kwangu hilo si jambo dogo. Teknolojia inayoitwa ya bure, halafu gharama yake ikawa mgongo wa mwanamke, si ya bure. Hata wale watafiti wa Kenya waliona hivyo: kazi ya kukata na kubeba ni nzito, na majani yanalipa zaidi kwenye mboga za kuuza, kama sukuma wiki na nyanya, kuliko kwenye mahindi.

Yanapolipa: mgomba na bustani

Angalia kitu kimoja. Urea haina potashi. DAP nayo haina. Wengi wetu ruzuku ilipoanza mwaka 2022, mfuko wa DAP au urea ukashuka mpaka karibu shilingi 70,000, tulikimbilia hiyo mifuko miwili. Ni sawa kwa mahindi na maharage. Lakini mgomba unakula potashi kuliko kitu kingine chochote, na kila mkungu unaopanda gari kwenda mjini unaondoka na potashi ya shamba lako. Nani anairudisha?

Wazee wa Bukoba walilijua hili bila kupima maabara. Walikata nyasi za rweya, wakaleta samadi, vyote vikaingia kibanja. Rutuba ya eneo kubwa ililetwa kulisha migomba ya eneo dogo.

Hapo ndipo kuna siri ambayo video haisemi. Hakuna mmea unaotengeneza potashi. Komfri haitengenezi, alizeti pori haitengenezi. Inachukua kwenye udongo na kuiweka kwenye jani. Ukipanda komfri katikati ya bustani, ukaikata na kuitandaza hapohapo, umezungusha mali yako mwenyewe, hujaongeza. Ukikata alizeti pori iliyoota barabarani ukaileta kwenye migomba, hapo umeingiza kitu kipya shambani. Ndiyo sababu kubwa ya mimi kuipendelea.

Namna ya kutumia

1. Kata kabla haijatoa maua. Majani na vijiti laini ndivyo vyenye faida, na ukiiacha ikomae mbegu inasambaa kwa jirani.

2. Katakata, tandaza, halafu funika kwa majani makavu ya migomba au nyasi. Alizeti pori huoza ndani ya wiki chache, kwa hiyo peke yake haiwezi kutunza unyevu kiangazi chote cha Juni mpaka Agosti. Majani mabichi chini yalishe, makavu juu yalinde.

3. Acha nafasi ya kama sentimita 60 kutoka kwenye shina la mgomba. Ukirundika matandazo mpaka shinani unamjengea nyumba fukusi wa migomba.

4. Panga lililokata mgomba wenye mnyauko lisitumike kabla ya kulipitisha kwenye moto au kulisafisha kwa jiki. Mkoa wetu unapambana na ugonjwa huu tangu 2006.

5. Kama barabara iko mbali, panda vipande vya mashina kwenye mpaka wako. Vinaota kirahisi. Ukiona mstari unadhoofika, upumzishe, maana nao unakula udongo.

Na lile pipa?

Mbolea ya maji ndiyo watu wanaipenda kuliko yote, labda kwa sababu inanuka na inaonekana kama dawa. Inatengenezwa hivi: kilo 20 za majani yaliyokatwakatwa ndani ya gunia, gunia ndani ya pipa la maji lita 200, funika, koroga kila baada ya siku chache, wiki mbili au tatu iko tayari. Changanya na maji mpaka ifanane na chai ya rangi nyepesi, mwagia kwenye udongo karibu na mche. Kufunika ni lazima, kwa ajili ya watoto na mbu. Na usimwagie juu ya mboga unazokaribia kuchuma.

Ila hesabu tena. Kilo 20 za majani mabichi zina naitrojeni gramu 140, hata kama yote ingeingia kwenye maji. Hiyo ni sawa na urea gramu 300, ambayo kwa bei ya ruzuku ya mwaka 2022 ya shilingi 70,000 kwa mfuko ilikuwa kama shilingi 420. Wiki tatu za kukoroga pipa kwa shilingi 420. Basi pipa liwe la kitalu na la matuta machache ya mboga zilizodumaa, pale mche unapotaka kitu cha haraka. Majani mengine yote yapeleke ardhini moja kwa moja, kwa sababu huko yanafunika udongo, yanazuia mvua isiubebe, na yanalisha wadudu wa udongo. Maji ya pipa hayafanyi hayo.

Msimamo wangu

Majani yaende kwenye migomba na bustani. Hela kidogo uliyonayo inunue mbolea yenye fosforasi kwa ajili ya maharage na mahindi, DAP au Minjingu, kwa sababu fosforasi ndiyo alizeti pori inayo kidogo. Samadi ikipatikana isikose. Komfri ukipewa na jirani, panda kwenye kona, haina ubaya. Kuinunua kwa bei ya miujiza, hapana.

Na akina baba, kubebeni majani. Mkungu ukiuzwa hela mnaijua njia yake, basi na mzigo wa majani muujue.

Usianze na shamba zima. Chagua migomba mitano karibu na nyumba, iwekee alizeti pori kila baada ya miezi miwili, mingine mitano iache kama ilivyo. Weka alama. Baada ya mwaka linganisha mikungu, uamue mwenyewe bila kusikiliza video wala bwana shamba.