Ajali ya Kwale: Ukungu wa Shimba na uamuzi wa rubani kabla ya kuruka

Abiria anayeteremka matatu Kombani, pale barabara ya kupanda mjini Kwale inapoachana na ile ya Likoni hadi Lunga Lunga, huwa na Milima ya Shimba mbele yake. Lakini msimu wa mvua zipo asubuhi ambazo haioni kabisa. Wingu huwa limeshuka likaifunika, ilhali kule ufuoni Diani watalii wanaota jua.

Ni katika eneo la vilima na msitu la Tsimba Golini ambako ndege ndogo aina ya Cessna Caravan ya kampuni ya Mombasa Air Safari ilianguka asubuhi ya Oktoba 28, 2025. Ilikuwa imeruka muda mfupi kabla kutoka uwanja wa Ukunda, Diani, ikielekea Kichwa Tembo katika Maasai Mara. Watu wote 11 waliokuwamo walifariki: raia 8 wa Hungary, 2 wa Ujerumani na rubani Mkenya.

Maafisa wa utawala katika kaunti walisema siku hiyo kwamba mvua na ukungu vilikuwapo tangu alfajiri. Hilo peke yake halithibitishi chanzo cha ajali, na kauli ya mwisho ni ya wachunguzi. Kwa mujibu wa kanuni za Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, ripoti ya awali hutarajiwa katika siku 30 na ya mwisho, ikiwezekana, katika miezi 12. Lengo lake si kumtwika mtu lawama bali kuzuia maafa mengine.

Hata hivyo, iwe wachunguzi watapata nini, Kenya ina historia ya ndege ndogo kugonga milima, na historia hiyo haihitaji kungoja ripoti yoyote.

Julai 2003, ndege ya kukodi iliyotoka Wilson, Nairobi, kuelekea Samburu iligonga Mlima Kenya karibu na kilele cha Lenana, wakafa watu 14. Aprili 10, 2006, ndege ya jeshi iliyowabeba wabunge waliokuwa katika safari ya amani iligonga kilima huko Marsabit katika hali mbaya ya hewa, wakafa 14. Juni 5, 2018, Caravan nyingine iliyotoka Kitale kwenda Nairobi ilipotea, na mabaki yake yakapatikana siku mbili baadaye katika milima ya Aberdare. Watu wote 10 walikuwa wamekufa.

Rubani anayeruka kwa kutegemea macho, bila kuongozwa na vifaa vilivyo mbele yake, anatakiwa kuuona upeo wa macho na ardhi iliyo chini. Aghalabu kanuni humtaka awe na uwezo wa kuona umbali wa kilomita 5. Akiingia ndani ya wingu, hata kwa bahati mbaya, hupoteza vyote viwili kwa mara moja.

Hapo ndipo mwili wake unapomsaliti. Majimaji yaliyo ndani ya sikio, ambayo humwezesha binadamu kujua amesimama wima au ameinama, huzoea mzunguko wa polepole. Ndege hulala upande naye akaamini imenyooka. Akijaribu kuirekebisha kwa hisia, huizidishia kosa.

Katika jaribio maarufu lililofanywa na Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, mwaka wa 1954, marubani 20 wasio na mafunzo ya kuruka kwa vifaa waliwekwa katika hali ya kutoona nje. Wote 20 walishindwa kuidhibiti ndege. Kwa wastani iliwachukua sekunde 178, yaani chini ya dakika tatu.

Rubani wa biashara aliyefunzwa vifaa ana kinga kubwa zaidi, bila shaka. Lakini mafunzo hayo hayamfai sana ikiwa amekwisha kushuka chini ya wingu, kati ya vilima, akitafuta mwanya wa kupita.

Na Shimba ni milima ya hila. Mlima Kenya kila rubani anauogopa. Shimba inafikia takriban mita 450 tu, kimo ambacho Caravan hukipita dakika chache baada ya kuruka. Kwa sababu hiyo ni rahisi kuidharau. Lakini inainuka ghafla kutoka uwanda wa pwani, iko karibu mno na Ukunda, na upepo wenye unyevu kutoka Bahari Hindi ukiipanda hupoa na kugeuka wingu. Ndege inayokwenda bara kutoka Diani huikuta mapema, ikiwa bado inapanda, imejaa mafuta na abiria.

Juu ya hayo yote kuna shinikizo la ratiba. Mgeni amelipia kitanda Mara, gari la kambi linangoja, na ndege hiyo hiyo inatakiwa kwingine adhuhuri. Rubani ndiye mwenye neno la mwisho kisheria, lakini mara nyingi humbidi alitamke akiwa peke yake, mbele ya watu waliokwisha kufunga mikanda.

Wavuvi wa Gazi na Msambweni wanalijua jambo hili kuliko wengi. Nahodha akisema bahari imechafuka, ngalawa hubaki ufuoni na hakuna anayemdai samaki. Rubani anayekataa kuruka, au anayegeuza ndege na kurudi Ukunda, anastahili heshima iyo hiyo kutoka kwa mwajiri wake. Kampuni inayomhoji kuhusu saa iliyopotea inamfundisha asirudie kukataa.

Si marubani na abiria pekee walio hatarini. Januari 2025, ndege ndogo ya mafunzo ilipoanguka barabarani Malindi, watatu waliokufa walikuwa watu wa ardhini. Wakulima wa Tsimba Golini, ambao wengi wao hawajawahi kukanyaga ndege, nao wana haki ya kuuliza kinachopita juu ya mashamba yao, na katika hali gani ya hewa.

Mengine hayahitaji fedha nyingi. Mji wa Kwale umekaa juu ya milima hiyo hiyo. Mtu mmoja aliyefunzwa, akiwa huko saa kumi na mbili asubuhi na simu mkononi, anaweza kumweleza rubani aliyeko Ukunda kama anaiona Kombani kule chini, au kama hauoni hata mwembe ulio ng'ambo ya barabara.