Kocha, ukisema "kaza" unataka nani afanye nini?

Kaa pembeni ya uwanja hapa Kolandoto, nje kidogo ya mji wa Shinyanga, jioni timu za mtaani zinapocheza. Sauti ya kocha utaisikia kuliko filimbi ya refa. "Kaza! Amka! Cheza mpira!" Dakika tano baadaye beki wa kulia amepanda, mpira umepita mgongoni kwake, bao. Kocha anamgeukia: "Mimi nilikwambia nini?"

Ukweli ni kwamba hakumwambia kitu. Akaze nini? Amfuate winga au abaki nyuma na wenzake? Dogo wa miaka 17 hathubutu kuuliza, maana ataitwa mjuaji. Mechi ijayo yuko benchi na jina limeshamganda: huyu hasikii. Hivyo ndivyo tunavyopoteza vipaji, halafu tunalaumu vijana.

Usidhani ni shida ya viwanja vya vumbi tu. Februari 24, 2019 pale Wembley, fainali ya Kombe la Ligi, Chelsea na Manchester City. Maurizio Sarri anataka kumtoa kipa Kepa Arrizabalaga, Willy Caballero yuko tayari mstarini. Kepa akagoma kutoka. Baadaye wote wawili walisema hawakuelewana: kocha alidhani kipa hawezi kuendelea, kipa alikuwa anaonyesha kwamba yuko fiti. Chelsea ikalala kwa penalti 4-3.

Linganisha na Berlin, Juni 30, 2006, robo fainali ya Kombe la Dunia, Ujerumani na Argentina. Kabla ya penalti kipa Jens Lehmann alipewa kikaratasi na kocha wa makipa, Andreas Köpke. Kilikuwa na majina ya wapigaji na upande ambao kila mmoja hupenda kupiga. Hakuna cha "pambana" wala "jitume". Lehmann akaokoa mbili, Ujerumani ikashinda 4-2.

Na sisi Shinyanga tunajua ladha ya amri zinazotoka midomo miwili. Mwaka 2016 Stand United iligawanyika, kampuni huku, wanachama kule, na mdhamini Acacia akajiondoa. Mchezaji hapo amsikilize nani? Sisemi mgogoro ule pekee ndio uliowashusha Chama la Wana Ligi Kuu mwaka 2019, ila haukuwasaidia.

Ushauri wangu kwa makocha hauhitaji kozi. Mtaje mtu, taja kazi, taja mpaka lini. "Namba mbili, usivuke nusu ya uwanja mpaka nikuite." Halafu aseme mmoja tu, msaidizi, mwenyekiti na shabiki mwenye vuvuzela wanyamaze. Mwisho, mwambie arudie ulichomtuma. Akirudia kingine, kosa ni lako na bado una muda wa kulirekebisha.

Wasomaji wengi wa ukurasa huu ni wakuu wa zamu migodini, mafundi, wasimamizi wa mashine za pamba. Nanyi mnasema "shughulikieni lile" halafu mnaondoka. Uwanjani gharama yake ni bao. Chini ya ardhi inaweza kuwa mguu wa mtu.

Basi kocha, mechi ijayo kabla hamjaingia uwanjani, muulize beki wako wa kulia: nimekutuma nini leo? Msikilize mpaka amalize.