Gusii Imebanwa na Ardhi, Ianze na Meza

Michezo ikitajwa katika kaunti za Gusii, Kisii na Nyamira, fikra hukimbilia uwanja wa kandanda au riadha. Si ajabu: Naftali Temu ndiye aliyeiletea Kenya dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki, mbio za mita 10,000, Mexico 1968, na Shabana ni timu inayopendwa mno. Lakini sensa ya 2019 ilikuta zaidi ya watu 900 katika kila kilomita ya mraba Kisii, na zaidi ya 600 Nyamira. Katika vilima vilivyojaa chai na migomba, ekari za kiwanja kipya zitakatwa kwenye shamba la nani? Ndiyo maana naona kaunti hizi ziupe nafasi mchezo wa tenisi ya meza. Meza yake ina urefu wa mita 2.74 na upana wa mita 1.525, inaenea katika ukumbi wa kawaida, na mvua ya alasiri haiahirishi mechi.

Wapo watakaosema huo ni mchezo wa Wachina. Kweli, tangu 1988 hadi Paris 2024, China imetwaa dhahabu 7 kati ya 10 za Olimpiki kwa wanaume, mchezaji mmoja mmoja. Hata hivyo, Quadri Aruna wa Nigeria alimtoa Timo Boll wa Ujerumani kule Rio 2016 na kuingia robo fainali, naye Omar Assar wa Misri alifika hatua hiyo Tokyo na tena Paris. Kwa kijana wa Gusii, basi, kipimo cha kwanza ni Lagos na Cairo, Beijing itafuata.

Pingamizi zito zaidi ni la fedha na mamlaka, kwa kuwa shule za sekondari, ambako meza hizo zingewekwa, ziko chini ya serikali ya kitaifa. Lakini Katiba ya 2010 imezikabidhi kaunti vifaa vya michezo pamoja na vyuo vya ufundi vya vijijini. Mafundi seremala wa vyuo hivyo wanaweza kutengeneza meza za kujifunzia, na zile rasmi zikanunuliwa chache kwa ajili ya mashindano. Kandanda haipotezi kitu hapo, na wasichana watatumia meza zizo hizo. Bajeti ya michezo ikifika mbele yao, wawakilishi wa wadi waulizwe swali moja: kabla ya jukwaa jingine la uwanja, wadi yenu ina meza ngapi?