Masharti ya mkopeshaji na amana ya maji

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake.

Ndugu Waislamu, atazamaye chini kutoka kwenye kona za mlima Sekenke, mkoani Singida, huliona bonde la Wembere limetandaa mpaka upeo wa macho. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, watawala wa Kijerumani waliwaza kuyaleta maji ya Ziwa Victoria katika bonde hili ili walime pamba. Mradi ule haukutekelezwa, lakini maswali yake hayajazeeka: nani anatoa fedha, nani anafaidika, na nani kati ya wenyeji aliulizwa?

Leo umeme wa mabwawa unafika Singida kwa njia kuu ya kilovolti 400 itokayo Iringa hadi Shinyanga, iliyojengwa kwa mikopo ya Benki ya Dunia na wakopeshaji wengine. Sisi tuwashao taa huku nyanda za juu, hali ya wanaoishi kando ya mito ile inatuhusu.

Tutazame mifano mitatu. Bwawa la Kihansi, lenye megawati 180, lilijengwa miaka ya 1990 kwa fedha za Benki ya Dunia na wafadhili wa Ulaya. Mwaka 1996, ujenzi ukiwa umeshaanza, watafiti waligundua chura mdogo asiyepatikana penginepo duniani, aishiye kwa manyunyu ya maporomoko. Maji yalipochepushwa, manyunyu yakakatika. Kwa kuwa mkopeshaji alifungwa na sera zake mwenyewe, fedha zikapatikana za kuweka mabomba ya kunyunyizia, na vyura 499 wakapelekwa Marekani kutunzwa. Hata hivyo, mwaka 2009 chura huyo alitangazwa kuwa ametoweka porini, na ilipofika 2012 ndipo walipoanza kurudishwa. Sharti lilikuwapo, lakini uchunguzi wa kina ulikuja baada ya saruji.

Rusumo, mpakani mwa Tanzania na Rwanda, sharti lilitangulia. Usanifu wa awali ulitaka bwawa ambalo lingefunika mashamba na kuhamisha watu wengi zaidi. Mradi ulioidhinishiwa fedha na Benki ya Dunia mwaka 2013 ni ule unaotegemea mtiririko wa mto, nao hutoa megawati 80 kwa nchi tatu.

Mfano wa tatu ni Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji, lenye megawati 2,115. Mkataba wake na kampuni za Misri ulitiwa saini Desemba 2018, na Serikali ikagharamia yenyewe. Kamati ya Urithi wa Dunia ya UNESCO ilipinga kwa ajili ya Pori la Selous, lakini haikushika mfuko, na ujenzi ukaendelea. Kujitegemea ni heshima, wala hatulaumu. Tunauliza tu: mkopeshaji mwenye masharti asipokuwapo, nani anasimama mahali pake? Mafuriko ya Rufiji ya mwaka 2024 yalipoharibu nyumba na mashamba, watu walibishana kama bwawa limeyazidisha, na Serikali ikaeleza kuwa limeyapunguza. Mkulima aliyepoteza mpunga wake ana haki ya kuonyeshwa vipimo vya maji yanayofunguliwa, mapema na kwa lugha anayoielewa.

Hapa ndipo penye hatari. Ulinzi wa mnyonge ukitegemea sera ya mkopeshaji, utabadilika kila anapobadilika mkopeshaji. Huyu atadai fidia na tathmini. Mwingine atasema fuateni sheria za nchi yenu, basi. Na sheria tunayo: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka tathmini kabla ya mradi. Kinachotakiwa ni kuitii hata pale ambapo hakuna mgeni anayetukagua.

Uislamu haukungoja mfadhili. Masahaba wawili walipogombania maji ya mfereji kule Madina, Mtume (S.A.W.) alimwelekeza Zubayr, ambaye shamba lake lilikuwa juu, amwagilie kisha amwachie jirani yake. Aliye juu ana haki, na aliye chini ana haki. Tena wanazuoni wa fiqhi wamekubaliana kuwa haijuzu kudhuru wala kulipizana madhara. Kanuni hiyo haitofautishi fedha ya mkopo na fedha ya kodi.

Hivyo basi, tunawanasihi viongozi wetu mambo matatu. Kwanza, tathmini ikamilike kabla ya mkataba, na muhtasari wake usomwe kwa Kiswahili katika mikutano ya vijiji. Pili, fidia ilipwe kabla mtu hajavunja nyumba yake. Tatu, kila sharti jema tulilofunzwa na wakopeshaji liandikwe katika sheria zetu, lizibane hata fedha zetu wenyewe.

Siku ya Kiyama hatutaulizwa mkopo ulitoka benki gani. Tutaulizwa tuliifanyaje amana.

Wabillahi tawfiq.