Mpangaji Aulizwe Kabla ya Ramani Kuchorwa

Wako watakaouliza, mwanafunzi wa Utemini ana haja gani na nyumba za Dar es Salaam? Anayo, tena kubwa. Ni nadra kuona mtaa hapa Singida usiokuwa na kijana aliyepanda basi kwenda huko kutafuta riziki, na jambo la kwanza linalomkabili akishuka si kazi, ni chumba. Mwenye nyumba humtaka kodi ya miezi sita, pengine ya mwaka mzima, hata mzigo hajautua. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa ule. Umati huo hauwezi kupata makao mema kwa kubahatisha; Serikali haina budi kujenga, na Shirika la Nyumba la Taifa limekuwapo tangu 1962. Katika hilo sina ubishi. Ubishi wangu ni juu ya saa ya kumwuliza mwananchi.

Tutazame Magomeni Kota. Kaya 644 ziliondolewa pale mwanzoni mwa miaka ya 2010, nyumba zao kuukuu zikabomolewa, nao wakatawanyika kupanga huku na huko wakingoja. Mwaka 2016 Rais Magufuli aliwaendea, akawaahidi nyumba mpya watakazokaa miaka mitano bila kodi. Wakala wa Majengo Tanzania ukajenga majengo matano marefu yenye makao 644, na Rais Samia Suluhu Hassan akayazindua tarehe 23 Machi 2022. Ni kazi ya kusifiwa, na idadi ya nyumba ililingana na idadi ya kaya, jambo ambalo si haba. Lakini hesabuni miaka ile ya kungoja! Mtoto aliyeondoka pale akiwa darasa la kwanza alirudi kijana wa sekondari, kama alirudi.

Na ghorofa ina mambo yake. Mama aliyezoea kukaanga maandazi mlangoni pake atawasha wapi jiko la mkaa, naye yuko juu karibu na mawingu? Mzee mwenye magoti mabovu atapewa chumba cha chini? Pampu ya maji ikiharibika, nani atailipia? Maswali haya hayamo katika vitabu vya wahandisi. Yamo vichwani mwa wapangaji, na kuyapata ni kazi ya kuketi nao tu.

Husemwa kwamba mashauriano yanachelewesha kazi. Basi tuwatazame jirani zetu wa Kenya, ambao Katiba yao ya mwaka 2010 inaagiza wananchi washirikishwe. Mwaka 2023 walianza kukatwa asilimia 1.5 ya mshahara kwa ajili ya nyumba za bei nafuu. Tarehe 28 Novemba mwaka huo Mahakama Kuu ikaona makato hayo ni kinyume cha Katiba, kwa kuwa, pamoja na mengine, yaliwalenga wenye ajira rasmi peke yao. Ilibidi Bunge lipokee maoni na kutunga sheria nyingine, iliyotiwa sahihi tarehe 19 Machi 2024, na hata hapo walikuwapo walionung'unika kwamba walisikilizwa kwa masikio tu. Kasoro ile mwuza mboga yeyote angaliweza kuionyesha mapema, bila ya wakili.

Tena mkutano wenyewe uwe mkutano. Tangazo linabandikwa leo kwenye kibao cha ofisi, kikao ni kesho saa nne asubuhi, siku ya kazi; wanaohudhuria ni wenye nyumba na wastaafu, kisha taarifa huandikwa kwamba wananchi wameafiki. Mpangaji alikuwa sokoni akitafuta hiyo kodi.

Mji wetu wa Singida nao unakua, na viwanja vinapimwa kila upande. Ningependa halmashauri zetu ziite watu Jumamosi jioni, ziwaulize kila mmoja aweza kulipa kiasi gani kwa mwezi, na majibu yasomwe mbele yao kabla kikao hakijavunjwa. Wanafunzi wa kidato cha tano na sita wenye mwandiko mzuri hawatakosekana wa kuyaandika.