Wikiendi ya Wawili: Twendeni Kwihara

Kila likizo ni Zanzibar tu? Mpenzi msomaji, kama unaishi Isikizya au unashuka stesheni ya Tabora, mchukue mwenzio mwende Kwihara, kilomita chache tu kutoka mjini. Pale kuna tembe lililojengwa upya, alipokaa Livingstone mwaka 1872. Stanley aliondoka Machi. Mzee akabaki akisubiri wapagazi hadi Agosti. Mwaka uliofuata Chuma na Susi walipita hapo hapo na maiti yake, wakielekea pwani.

Ila msipige picha tu mkaondoka! Njia hiyo ilipitisha pembe za ndovu na watumwa, wake kwa waume waliotenganishwa moja kwa moja. Kaeni kimya kidogo, mshikane mikono. Halafu rudini mjini mkanunue asali.